Deki ya kukunja au tableti kwa safari ya Pemba? Nimezitumia zote mbili

Jamani wenye safari za Pemba na watoto, au mnaomsafirisha bi mkubwa Maskati, hii yenu. Kila likizo ya skuli ikikaribia watu wanaulizana wanunue kitu gani cha kutizamia video njiani na jibu linalotoka haraka ni "si unayo simu". Simu ninayo ndio, lakini hiyo hiyo simu ndio ya kumpigia anokuja kunipokea bandari ya Mkoani, ndio yenye pesa zangu, sasa nimpe mtoto atizame katuni mpaka izime halafu nikishuka gatini niwe sijui naanzia wapi? Kinatakiwa kifaa chake mbali. Na kwa maoni yangu nyumba nyingi za hapa kwetu tableti ndogo yenye tundu la memori kadi ndio inafaa zaidi, deki ya kukunja inakuja nyuma yake, ila kuna watu deki ndio khasa yao na ntawafikia.

Nianze na hiyo deki kwa sababu nna mengi ya kuisema. Nazungumzia zile DVD ndogo zinazofunguka kama laptopu, kioo juu, diski inaingia chini, nyingi inchi saba au tisa. Mpya siku hizi za kutafuta kwa tochi, utazikuta used kwenye maduka ya vitu vya Ulaya na Japani, yangu nliipata Darajani, muuzaji alianza laki na nusu tukavutana mpaka laki moja pamoja na chaja ya ukutani na ya gari. Inchi tisa, kioo kinazunguka kikalala juu ya diski, ubavuni ina tundu la flashi na matundu mawili ya hedifoni, na hayo matundu mawili wallahi ndio yalonifanya nitoe pesa, maana watoto wawili kila mmoja na yake hakuna kugombana.

Kabla hujatoa hata shilingi, igeuze ile chaja uisome. Mzigo wa Japani umejaa kwenye hayo maduka na umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Ukikuta imeandikwa INPUT 100-240V chukua, itafanya kazi hapa na Japani na kokote. Ukikuta 100V peke yake, ukiichomeka tu utasikia harufu. Muuzaji atakwambia "hiyo tia transfoma basi", sawa, na hiyo transfoma utaibeba kwapani mpaka Wete?

Sasa betri. Nliuliza, "Ami, inakaa chaji masaa mangapi hii?" Akanambia, "Matano mwanangu, unafika Pemba na bado." Kwa diski ilitoa mawili na kidogo. Sina ugomvi na ami wa watu, kitu used betri yake ishachoka, halafu deki inakula moto pande mbili, kuna mota ya kuzungusha diski na kuna taa ya kioo. Ukitumia flashi badala ya diski mota inapumzika na chaji inasogea mbele, na ukipunguza mwanga wa kioo inasogea tena. Lakini tatizo kubwa ni jengine: pawa benki haikusaidii. Deki nyingi zinachajiwa kwa kile kitundu cha duara, zinataka volti 9 mpaka 12, na pawa benki ya kawaida kwenye USB inatoa volti 5. Kwa hiyo ikizima imezima, labda upate soketi chomboni, na soketi chomboni kila mtu kaikodolea macho.

Na msisahau bahari yetu. Boti ya Dar ni kama masaa mawili, hata mtoto ukimpa biskuti mtafika. Pemba ni safari nyengine, na msimu wa kusi mkifika mkondo wa Nungwi chombo kinalala huku kinalala huku, ile lensi inayosoma diski inapoteza njia, picha inaganda, inarukia mbele, mtoto anaanza kulia kakosa pale pale patamu. Flashi haina habari na mawimbi. Ila wenye kichefuchefu, bahari ikichafuka funga kioo chochote kile hata kiwe cha dhahabu, jicho likikodolea kitu kimoja huku mwili unayumba utatapika mapema kuliko wenzio, mwambie mtoto atizame nje au alale.

Flashi nayo ina mambo yake na hapa wengi wanairudisha deki dukani wakidhani mbovu. Ukienda kwenye vibanda vya kurusha muvi wanakutilia mafaili ya kisasa, MKV, mengi H.265, deki ya zamani hata haijui ni mdudu gani huyo, ukichomeka inakuonesha jina la faili halafu kioo cheusi, au sauti inatoka picha hakuna. Mwambie kijana wa kibandani akubadilishie ziwe AVI za zamani za DivX, atanuna kidogo kwa sababu inamla muda, muongeze chochote. Pia flashi yenyewe iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Zile za giga 64 kwenda juu huwa zinatoka kiwandani kwa mfumo wa exFAT na deki nyingi zinakwambia hakuna kitu ndani, we unashangaa wakati kwenye kompyuta umejaza. Mie natumia ya giga 16 naijua hainisumbui.

Diski za orijino zina kizuizi cha maeneo pia. Sie Afrika Mashariki tumo eneo la 5, Uingereza na Japani ni eneo la 2. Kwa hiyo deki yako ya mzigo wa Uingereza inacheza vizuri katuni alizoleta shangazi kutoka London, ukitia orijino ya eneo letu inaweza kukukatalia. Hizi diski za kurekodi za mitaani hazina kizuizi chochote kwa hiyo kwa wengi wetu hili halitokei, nimelitaja tu kwa wenye makabati ya orijino.

Haya tableti. Usiku wa safari ya Pemba mtandao unakatika katikati ya bahari kwa hiyo usinunue kwa kufikiria utatizama moja kwa moja, bando lako litakaa tu linakutizama. Kila kitu kiwe ndani tangu nyumbani. Ndio maana nimesema yenye tundu la memori. iPad used zimejaa na kioo chake kizuri mno siwezi kusema uongo, lakini haina tundu la memori hata moja, ukipata ya giga 32 programu na mfumo vikishachukua chao unabaki na nafasi ya kuhesabu muvi kwa vidole. Mie nimeishia kwenye Samsung Galaxy Tab A9, ile iliyotoka 2023, inchi 8.7, betri ya mAh 5100, memori kadi inapokea mpaka terabaiti 1 ingawa mie nimetia 128 tu na inatosha vizuri, na bado ina tundu la hedifoni la kawaida. Ndugu yake A9+ ni inchi 11 na betri 7040, kioo chake kikali zaidi, ila kwa mkono wa mtoto nzito na kwa mfuko wangu mie nzito zaidi. Kioo cha A9 si cha kutangaziwa, ukikaa nje juu kwenye jua la saa nane unajiona sura yako mwenyewe, deki nayo ndio hivyo hivyo na zaidi. Ndani au kivulini raha tupu.

Uzuri wake ni kuwa ukiweka VLC, programu ya kuchezea video, ya bure hiyo, yale mafaili yote yanayoikwaza deki inayapiga bila maswali, MKV, H.265, maandishi ya chini, vyote. Na inachajiwa kwa pawa benki yoyote. Hapo ndipo mjadala kwangu ulipoishia.

Tahadhari ya vile vitableti vya watoto vyenye kava la mpira la rangi rangi, jina la kampuni hujawahi kulisikia, boksi limeandikwa RAM 12, giga 512, bei ya kuku wawili. Andika namba yoyote unayotaka kwenye boksi, karatasi haikatai! Na kwenye memori kadi ndio balaa zaidi, zinafojiwa ziseme 512 kumbe ndani 16, unajaza inakubali, ikishafika mwisho wake wa kweli inaandika juu ya vya mwanzo au inahifadhi majina matupu. Dawa yake ijaze mpaka pomoni nyumbani halafu ucheze faili la mwanzo na la mwisho na moja la katikati, zikicheza zote memori ya kweli. Fanya hivyo ndani ya muda aliokupa muuzaji wa kurudisha.

Kuna mtu atakutajia iPod za video za zamani au MP4. Ile iPod ya 2005 kioo chake inchi mbili na nusu, na ya giga 30 kampuni yenyewe ilitangaza masaa mawili ya video kwa chaji. Waachie wanaokusanya vitu vya kale.

Kwa wa ndege: pawa benki ni mkononi, haiingii kwenye begi la chini, na kiwango cha kawaida ni saa-wati 100. Ya mAh 20,000 ni kama saa-wati 74 kwa hiyo inapita, ikifika 27,000 ushagusa ukingo. Tena Emirates tangu tarehe 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu na hairuhusiwi kuitumia ndani ya ndege, kwa hiyo tableti iwe imejaa kabla hujaondoka nyumbani. Mashirika mengine kila moja na masharti yake, soma kwenye tiketi.

Sasa wale wa deki niliowaahidi. Ni bi mkubwa wangu na wenzake. Tableti nlimpa, kila akiigusa kitu kinaruka, mara mwanga umezima, mara kampigia mtu video, akanirudishia akasema chukua mdudu wako. Deki ina vitufe, cha kucheza anakijua, cha kusimamisha anakijua, basi. Na nyumbani ana mkoba mzima wa DVD za harusi za ukoo ambazo hakuna mtu alowahi kuzihamisha. Safari moja meli ya usiku kaifungua pale chini kwenye mkeka akatia harusi ya binti wa dadaake, punde akina mama hawamjui hawajawahi kumuona wamemzunguka, "na huyu wa gauni la kijani nani", "huyo wifi yake", "mbona kanuna", yeye anaeleza tu, mmoja katoa halua kwenye kikapu, mie nimekaa na tableti yangu ya kisasa hakuna hata mtu anonitizama. Kwa mtu kama huyo deki ya laki ni pesa halali.

Ukienda kununua ama hichi ama kile, nenda na flashi au memori yako ilojazwa na hedifoni zako, usikubali kuoneshwa kwa faili la dukani. Ukiwa deki, kifungue na kukifunga kioo mara kadhaa picha ikiwa inacheza, kuna waya mwembamba unapita kwenye bawaba na ndio unaokatika mwanzo, ukiona picha inapepesa hata mara moja mrudishie. Ukiwa tableti, chomeka chaja utikise waya taratibu pale tunduni, chaji ikikatika na kurudi tundu limelegea, na fundi wa kulibadilisha atakula theluthi ya bei ulionunulia.