Mkopo wa asilimia kumi jijini Tanga: nani aombe, nani asubiri

Kwa mama anayekaanga samaki wa soko la Deep Sea au kijana mwenye genge Makorora, hatujui fedha ya nafuu kuliko hii. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuikopesha bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Si hisani ya kiongozi yeyote. Iko kwenye kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa tangu 2018. Mkikopa milioni 5, mnarudisha milioni 5.

Huduma hii tunaipima kwa kuilinganisha na kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, kwa sababu huko ndiko familia nyingi za Ngamiani na Msambweni zinakokimbilia ada na kodi ya chumba zikikabana. Chukua laki moja inayorudishwa laki na thelathini baada ya siku 30. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi, wakati Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopeshaji wa mtaani hana leseni, na rejesho lake hutoka kwenye unga wa watoto. Kila kikundi kinachopata mkopo wa halmashauri kinapunguza wateja wake, na hilo peke yake linatosha kuipa huduma hii alama za juu.

Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023, baada ya taarifa za ukaguzi kuonyesha madeni yasiyolipwa na vikundi hewa. Ulirudi 2024 na uhakiki mkali zaidi. Halmashauri 10 za majaribio zilipangiwa kukopesha kupitia benki, Bumbuli ikiwamo katika mkoa wetu. Jiji la Tanga halimo katika hizo 10, kwa hiyo mlango wenu ni ofisi ya kata, kwa afisa maendeleo ya jamii. Maelekezo ya ndugu aliyeko Bumbuli msiyafuate.

Njia yenyewe si ngumu, ila ni ndefu. Mnaanza na kikundi cha watu wasiopungua 5 wanaofahamiana kweli. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake. Mnaandika katiba na muhtasari wa kikao kilichochagua viongozi, mnapata utambulisho wa mwenyekiti wa mtaa, mnasajili kikundi, mnafungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, kisha mnaandaa andiko la mradi. Maombi huanzia kata, yakapanda halmashauri na kuhakikiwa kabla ya mkataba. Jipangeni kwa miezi, si wiki. Anayehitaji fedha ya ada ya Januari asianze Desemba.

Mahali ambapo maombi mazuri hukwama ni majina. Mama ni Mwanahamisi kwenye kitambulisho cha Taifa, Mwanahamis kwenye akaunti, na kwenye daftari la kikundi ni Mama Rajabu. Kwa jirani ni mtu mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta ni watu watatu, na faili linarudi. Kabla hamjaandika hata katiba, kusanyeni vitambulisho vyote mezani, nakilini majina matatu ya kila mmoja herufi kwa herufi, na hayohayo ndiyo yatumike kwenye muhtasari, benki na laini ya simu. Wazee waliokata mkonge au kufua nazi miaka mingi wana shida nyingine: alama za vidole zimefutika na mashine haizisomi. Waambieni mapema maafisa wa usajili, na vidole vyote vijaribiwe baada ya kunawa na kupaka mafuta kidogo, kisha kufuta. Msimwache mzee nje ya kikundi kwa sababu ya kidole.

Kosa la pili ni andiko la mradi lililonunuliwa tayari kwenye duka la stashenari. Limeandikwa vizuri, lina kuku 500 wa nyama, wakati kikundi chenyewe hakijawahi kufuga hata 20. Afisa akija kuhakiki na kuuliza chanjo ya kideri hutolewa lini, watu wanatazamana. Andikeni biashara mnayoifanya tayari, na bei za soko la Mgandini za wiki hiyo.

Sasa ratiba ya marejesho, na hapa ndipo tunapoinyima huduma hii alama kamili. Rejesho la kila mwezi linamfaa mwenye duka. Pwani yetu haiingizi fedha hivyo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, boti hutulia na mama wa kuanika hana kazi. Masika yakija, hata waliopatikana huoza kwenye vichanja. Upepo wa kusi ukikaza, ngalawa hazitoki. Mkulima wa mwani anafunga mbegu kwenye kamba maji yakikupwa wakati wa bamvu, yaani siku za kupwa na kujaa kukubwa, anavuna baada ya wiki 6 hivi, na kwenye joto la kaskazi mwani unaweza kupauka na kukatika kabla ya kuvunwa.

Hesabu inawezekana, lakini lazima ifanywe. Wanawake 10 wakikopa milioni 6 kwa miezi 12, rejesho ni 500,000 kwa mwezi, yaani 50,000 kila mmoja. Muuza dagaa asiigawe kwa siku 30. Aigawe kwa siku 20 za kazi, aweke 2,500 kila siku anayouza, na kwa mhazini, si kwenye kopo la nyumbani. Mwenye mwani aweke rejesho la miezi miwili kila anapouza mavuno.

Kugawana fedha siku ya kwanza ndiko kunakoua vikundi vingi. Kila mtu anachukua laki zake, mmoja anauguliwa, wa pili anahama, na waliobaki wanadaiwa deni lote, maana mkataba ni wa kikundi. Mkinunua jokofu, mashine ya kukamua nazi au boti, risiti iandikwe jina la kikundi. Watia saini watatu benki wasitoke nyumba moja. Rejesho lilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kamwe lisipite mkononi mwa mtu, na fomu zenyewe hazina bei: anayewaomba ya soda mkataeni na mpeleke jina lake juu.

Kaya isiyo na mtu mwenye nguvu za kufanya biashara isisukumwe kwenye mkopo huu. Bibi anayelea wajukuu anahitaji ruzuku, na njia yake ni kuulizia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kwenye mkutano wa mtaa, au msamaha wa matibabu kwa afisa ustawi wa jamii. Anayedaiwa tayari kausha damu naye asubiri kwanza. Fedha ya kikundi ikiingia, itamezwa na deni la zamani, na wenzake ndio watakaolipa.

Kwa halmashauri, ombi letu ni moja: wavuvi, waanika dagaa na wakulima wa mwani wapewe marejesho yanayofuata msimu. Hadi hilo litakapokuwa la kawaida, liandikeni wenyewe kwenye andiko, mwezi kwa mwezi, mkionyesha miezi ya kusi na masika yenye rejesho dogo na miezi ya neema yenye kubwa. Liombeni kabla ya saini, kwa sababu mkataba ukishasainiwa, maneno ya mdomo ofisini hayabadilishi tarehe.