Baiskeli nyepesi za umeme za milimani: ipi inastahili pesa yako

Anayenunua baiskeli ya umeme ya milimani kwa mara ya kwanza huanza kwa kukagua fremu, rangi na shokapu, ilhali kwa bei moja vitu hivyo hukaribia kufanana. Kinachoamua baiskeli itakavyokuwa chini ya miguu yako ni mota iliyo katikati ya pedali, pamoja na betri iliyofichwa ndani ya bomba la fremu. Ndiyo maana hapa ninapanga mifumo ya mota na si majina ya baiskeli, kwani mota moja huweza kukutwa kwenye baiskeli za makampuni mbalimbali.

Baiskeli ya umeme ya milimani yenye nguvu kamili huwa na uzito wa kilo 22 hadi 25, na ile inayoitwa nyepesi huwa kati ya kilo 16 na 19 hivi. Nafuu hiyo hutokana na mota ya takriban kilo 2 na betri ndogo. Mwaka 2020 kampuni ya Specialized walipoleta baiskeli nyepesi ya Levo SL, mota yake ilikuwa na msukumo wa nyutoni-mita 35 tu (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) na betri ya wati-saa 320 (kipimo cha nishati inayobebwa na betri), na wapo walioiona kuwa ni kichekesho, kwa kuwa baiskeli kubwa za wakati huo zilifika 85 na zaidi. Lakini sheria ya Umoja wa Ulaya hukata msaada wa mota unapofika kilomita 25 kwa saa, na kuanzia hapo ni miguu yako peke yake inayosukuma mzigo wote, na wepesi ndio unaokusaidia. Vilevile, ukikuta gogo limelala njiani, baiskeli ya kilo 17 utaiinua kwa kushika bomba la juu kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine. Ya kilo 24 utaiegemeza kwanza kwenye paja, uvute pumzi, ndipo uanze kuivusha gurudumu moja baada ya jingine.

Kabla ya kuchagua, piga hesabu ya mlima. Mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 100 wakipanda mita 1,000 huhitaji takriban wati-saa 272, bila kuhesabu msuguano. Barabara ya Mombo hadi Lushoto, Tanzania, ina mwinuko unaokaribia huo. Ikiwa miguu yako itatoa nusu ya kazi, mota itadaiwa 136, na ukiongeza kinachopotea kama joto na ukinzani wa tairi, betri itatoa kama 200. Kwa hiyo betri ya wati-saa 360 itakufikisha Lushoto ikiwa na akiba nzuri, ila haitarudia safari hiyo mara ya pili siku hiyohiyo, isipokuwa miguu yako ikubali kutoa zaidi ya nusu.

Nafasi ya kwanza naipa TQ HPR50, mota ya Kijerumani iliyotoka mwaka 2022 pamoja na baiskeli ya Trek Fuel EXe. Ina kilo 1.85, nyutoni-mita 50 na kilele cha wati 300. Kwenye karatasi, hizo ni takwimu za kawaida, lakini utulivu wake hauna mfano: muundo wake wa ndani hauna msururu wa giya zinazosagana, na msituni utasikia kokoto chini ya tairi kabla hujaisikia mota. Ukiizima, miguu haihisi kama inaburuta kitu. Mrithi wake wa mwaka 2025, HPR60, amefikisha nyutoni-mita 60 na wati 350 kwa uzito ulioongezeka kidogo tu, na kama tofauti ya bei si kubwa, chukua huyo.

Ya pili ni Bosch Performance Line SX, ya mwaka 2023. Inatangazwa kwa kilele cha wati 600, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapojidanganya, kwa sababu wati hizo hupatikana ukizungusha pedali kwa kasi sana. Jaribu hivi dukani: panda mteremko ukiwa kwenye giya nzito, uzungushe polepole kama mtu aliyechoka, kisha rudia kwenye giya nyepesi ukizungusha haraka. Utadhani umebadilishiwa baiskeli. Mwenye miguu ya haraka ataipenda kuliko zote. Anayependa kukanyaga polepole kwa nguvu ataona ameuziwa wati za kwenye makaratasi. Pia ina mlio mwembamba unaopanda pamoja na kasi ya pedali. Sifa yake kubwa ni betri ya nyongeza ya wati-saa 250, juu ya ile ya ndani ya 400.

Fazua Ride 60 ni ya tatu: nyutoni-mita 60, kilele cha wati 450 na betri ya wati-saa 430. Inasukuma vizuri hata pedali zikizunguka polepole, jambo ambalo SX haifanyi. Kwenye baadhi ya fremu betri huchomolewa, na kwa anayeishi ghorofa ya nne bila lifti hilo pekee linaweza kuipandisha hadi nafasi ya kwanza.

Specialized SL 1.2, yenye nyutoni-mita 50, naiweka ya nne kwa sababu moja tu: ukiichagua mota, fremu nayo umekwisha kuchaguliwa, maana huipati kwenye baiskeli ya kampuni nyingine.

Imebaki DJI Avinox, iliyovuruga safu hii yote mwaka 2024. Mota yake ina kilo 2.52 na nyutoni-mita 105, na baiskeli ya Amflow iliyokuja nayo ina uzito unaokaribia kilo 20 ikiwa na nguvu za baiskeli kubwa. Mwenye mwili wa kilo 95 na zaidi aanzie hapo, asipoteze muda na orodha yangu.

Kwa atakayenunua Ulaya akitaka kurudi nayo Afrika Mashariki, ajue kwamba ndege za abiria haziruhusu betri inayozidi wati-saa 160, na betri kuu za hizi zote zinazidi hapo. Itabidi betri isafiri kama shehena ya hatari, kwa gharama yake. Na kwa kuwa bei ya baiskeli moja kati ya hizi inazidi bei ya bodaboda mpya tatu, anayetafuta ya mtumba amwombe muuzaji aiunganishe kwenye kompyuta ya fundi mbele yake, wasome betri imechajiwa mara ngapi, ndipo waanze kuzungumza bei.