Uzoefu wangu na Loki: logi za seva nne mahali pamoja

Nasimamia seva nne za Linux. Kwa muda mrefu ile ya hifadhidata ilikuwa ikilemewa kila usiku saa nane: ripoti zinakwama, simu yangu inalia, naamka kuangalia, na ndani ya nusu saa imeshatulia yenyewe.

Tuliongeza RAM. Nikashusha swappiness (kipimo cha jinsi Linux inavyopendelea kuhamishia vilivyomo kwenye RAM kwenda diski) kutoka 60, ambayo Linux huja nayo, hadi 10. Wapi! Tatizo halikuwa la RAM hata kidogo. Nilikuwa natibu ugonjwa ambao sijaupima.

Na kupima ndiko kulikonishinda. Logi za kila seva, yaani kumbukumbu za matukio yake, zimekaa kwenye folda yake ya /var/log, nyingine zimo ndani ya journald, huduma ya Linux inayotunza logi, na za programu yetu ziko kwenye folda inayokumbukwa na mtu mmoja tu. Nafungua madirisha manne, grep (amri ya kutafuta neno) huku, grep kule, huku naandika saa na dakika kwenye karatasi.

Ndipo nikaweka Loki, programu ya kuhifadhi na kutafuta logi. Programu nyingine, Alloy, inakusanya logi kwenye kila seva na kuzituma sehemu moja, nami nazisoma kupitia Grafana, ambayo ni ukurasa wa kuzionyesha. Nilichokipenda ni kwamba Loki haitengenezi faharasa ya kila neno. Inashika lebo tu, kama jina la seva na la programu, kisha maandishi yenyewe inayabana na kuyahifadhi. Kwa hiyo haikunidai mashine kubwa.

Usiku wa kwanza mistari haikuoana: jibu lilitangulia ombi. Kumbe saa ya seva moja ilikuwa nyuma kwa dakika tatu. Anza na chrony, programu ya kulinganisha saa za seva, kabla ya chochote kingine, la sivyo utakusanya logi na bado usielewe nini kilimtangulia nini.

Usiku uliofuata nikaona. Saa nane kamili bakapu ya seva ya faili inaanza, na sekunde chache baadaye hifadhidata inaandika kwamba maombi yanachelewa. Zote mbili zinategemea diski zilezile za mtandao! Nikafungua top, amri inayoonyesha seva inavyofanya kazi: "wa", yaani asilimia ya muda ambao prosesa inakaa bure ikingoja diski, ilikuwa imepita 40. Nikasogeza bakapu hadi saa kumi, ripoti zikiwa zimeshaisha. Simu haijalia tena kwa sababu hiyo.

Angalia sana lebo. Wiki ya kwanza nilifanya namba ya mtumiaji kuwa lebo. Kila namba ikafungua mkondo wake wa logi, na utafutaji ukawa mzito mno. Namba kama hiyo iache ndani ya mstari. Vilevile, ukitafuta neno moja kwenye logi za mwezi mzima utasubiri, kwa kuwa inabidi Loki ipitie maandishi yote. Punguza kwanza kwa lebo na kwa saa.

Jambo jingine: isipoelekezwa, Loki haifuti logi za zamani. Mimi nimeweka siku 30.