Wikidata Query Service: maoni ya mkutubi wa Tanga

Wenzangu wa maktaba huniuliza kama query.wikidata.org, ukurasa wa kuulizia maswali Wikidata, ile hifadhidata huria inayojazwa na watu wa kujitolea, inamfaa mtu asiyesomea kompyuta. Inamfaa, tena sana, ila ina masharti yake.

Mimi natunza rafu ya fasihi ya Kiswahili. Nilitaka orodha ya waandishi waliozaliwa katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, pamoja na mwaka na mahali. Kwenye Google ningepewa kurasa za kufungua moja moja. Huku unapewa jedwali, kwa sababu kila kitu kina namba yake (Tanzania ni Q924, lugha ya Kiswahili Q7838) na kila uhusiano una yake: P19 ni mahali pa kuzaliwa, P131 ni eneo la utawala ambamo mahali hapo pamo. Ukibandika kinyota baada ya P131, mashine inapanda yenyewe kutoka kijiji hadi wilaya, mkoa, mpaka nchi. Hapo ndipo iliponiteka.

Lakini angalia unavyouliza. P27 ni uraia. Ukiandika P27 na Tanzania, unaomba raia wa nchi iliyoanza 1964. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa Tanga, mwaka 1909, Wajerumani wakitawala. Akafariki 1962, Tanganyika ikiwa imeshapata uhuru. Muungano hakuuona. Aliyejaza taarifa zake kwa uangalifu hana sababu ya kumwandikia uraia wa Tanzania, na swali lako linaweza kumpita gwiji mwenyewe bila hata kukuonya. Ndiyo maana mimi nauliza mahali, siulizi uraia.

Maswali huandikwa kwa SPARQL, lugha ya kompyuta ya kuulizia hifadhidata, na mabano yake yanatisha kidogo. Usianze na ukurasa mtupu: fungua kitufe cha mifano, chukua swali linalokaribiana na lako, ubadilishe. Ukiandika wd: kisha ukabonyeza Ctrl na kitufe cha nafasi, unatafuta kwa jina, huna haja ya kukariri namba. Na kwenye sehemu ya lugha weka "sw,en", upate jina la Kiswahili kwanza na la Kiingereza pale ambapo la kwetu halijaandikwa. Utashangaa ni mara ngapi halijaandikwa.

Hilo ndilo linalonifanya nisiisifu bila kipimo. Mtunzi wa tenzi ambaye hakuna aliyemwingiza hatokei, na jedwali halitakwambia kwamba kuna mtu kakosekana. Mwanafunzi akiniletea orodha hiyo kama ushahidi kwamba mkoa fulani hauna washairi, namrudisha rafuni. Dawa ipo, maana yeyote anaweza kuongeza taarifa, lakini ni kazi ya kukaa na kitabu mkononi.

Bei? Bure, bila kujisajili, na data zenyewe ni za CC0, yaani leseni isiyobakiza haki yoyote, unazitumia upendavyo. Matokeo yanashuka kama CSV, yanafunguka kwenye Excel. Ukitaka, yanakaa kwenye ramani. Swali likizidi sekunde 60 linakatwa, kwa hiyo anza na mkoa mmoja kabla ya nchi nzima.

Wanaotafuta makala za kitaaluma wajue kwamba tangu 2025 zimetengewa anwani yake, query-scholarly.wikidata.org. Ukiziulizia huku kwa kawaida hutapata kitu.