Uzoefu wangu: vifaa nilivyotumia kutengeneza nywele za watoto kwa ajili ya picha ya shule

Nilinunua vitu vinne kwa ajili ya nywele za wanangu kabla ya siku ya picha ya shule: brashi ya kufumulia mafundo, kondishena ya kupulizia isiyohitaji kusuuzwa, jeli ya kulaza nywele, na kofia ya satini ya kulalia. Brashi ningeinunua tena leo hii. Kondishena na kofia zinafaa, ingawa kila kimoja kina kasoro yake. Jeli nimeiondoa kabisa kwenye vitu vya watoto. Majina ya kampuni sitayataja, maana bidhaa za namna hii zinafanana sana, na ninayoyasema yanahusu aina ya kitu zaidi ya lebo yake.

Ili ujue nimevijaribu kwenye vichwa gani: binti yangu ana nywele za kipilipili, nzito, ambazo ukizivuta zinafika mabegani na zikikauka zinajikunja mpaka karibu na masikio. Mdogo wake wa kiume ana nywele fupi. Mpwa wangu, ambaye hutengenezewa hapa kwetu mara nyingi, ana nywele za singa, laini, zinazoteleza kwenye kila kibanio.

Nywele za picha ya shule zina masharti ambayo nywele za sherehe hazina. Kwenye sherehe nipo, naweza kumwita mtoto nikamrekebisha. Siku ya picha anaondoka asubuhi, anavaa sweta na kulivua, anacheza wakati wa mapumziko, halafu ndipo anakaa mbele ya kamera, tena kwa muda mfupi sana, bila mimi. Picha yenyewe huchukua uso na kifua. Kisogo hakionekani. Kwa hiyo mtindo wowote unaomuumiza mtoto, hata uwe umepangwa vizuri namna gani, unaonekana usoni: misuko iliyokazwa huvuta ngozi ya paji na nyusi, na mtoto anayeumwa kichwa hatabasamu kwa kuambiwa. Hicho ndicho kipimo nilichotumia kwa kila kifaa hapa. Je, kinamfikisha mtoto mbele ya kamera akiwa hana maumivu?

Brashi imefaulu kipimo hicho kuliko vyote. Meno yake ni ya plastiki laini yanayopinda yakikutana na fundo, na yamepangwa kwenye vipande vilivyoachana, hivyo brashi nzima inatanuka kidogo inapopita. Kitana cha kawaida kikikutana na fundo, ama fundo linakatika pamoja na nywele, ama kichwa cha mtoto kinarudi nyuma. Hii brashi inalipita fundo kidogo kidogo, kila safari inalilegeza. Nagawa nywele sehemu nne, nazibana tatu, nafanya kazi na moja. Nalowanisha, napaka kondishena, kisha naanzia kwenye ncha. Mkono wa kushoto unashika nywele juu ya pale ninapochana, ili mvuto wote uishie mkononi mwangu usifike kwenye ngozi. Ncha zikiachia, napanda juu kidogo, na kidogo tena, mpaka kwenye shina. Ukianzia juu unasukuma mafundo yote yajikusanye chini, na hapo hakuna brashi itakayokusaidia.

Nywele za kipilipili zinahitaji upole huu kwa sababu ya umbo lake. Unywele mmoja una mikunjo mingi, na kila mkunjo ni sehemu dhaifu inayoweza kukatika. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa yanapata shida kushuka kwenye mikunjo hiyo, ndiyo maana ncha hukauka kwanza. Kuzichana zikiwa kavu ni kuzikata. Nywele za singa ni kinyume: zikiwa zimelowa chapachapa hunyumbuka na kukatika kwa urahisi, kwa hiyo za mpwa wangu nazisubiri zikauke kiasi, ndipo napitisha brashi hiyo hiyo kuanzia ncha. Nasema brashi hiyo hiyo kwa maana ya aina, kwani kila mtoto ana yake. Chawa na mapunye huweza kuhama kupitia vitana na brashi za kushirikiana, na siku ya picha watoto huazimana vitana foleni nzima. Mwambie mtoto wako mapema asimpe mtu chake wala asichukue cha mwenzake.

Kasoro za brashi ni mbili. Mpini ni laini mno. Mikono ikiwa na kondishena unateleza, na imeshaniponyoka zaidi ya mara moja. Watengenezaji wangeuwekea mikwaruzo tu, ingetosha. Ya pili, meno ya pembeni yanaanza kulegea baada ya muda, na jino lililokatika huacha kishina kikali. Napitisha kidole kabla ya kutumia. Nikihisi kishina kimoja tu, brashi hiyo haigusi kichwa cha mtoto tena.

Kondishena ya kupulizia haina maneno mengi. Inalainisha, inafanya brashi iteleze, na mtoto anapenda kuipulizia mwenyewe. Ila harufu ni kali. Binti yangu hupiga chafya, na macho yanamwasha ikipuliziwa karibu na uso, kwa hiyo naipulizia kwenye viganja vyangu kwanza. Yenye harufu hafifu ingenipendeza zaidi.

Sasa jeli. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa zaidi kwa ajili ya picha, na kwenye kopo imeandikwa kwamba inashika siku nzima bila kuacha mabaki. Niliipaka jioni kwenye nywele za mbele za binti yangu, juu ya kondishena, nikazilaza kwa brashi ndogo. Ilipokuwa mbichi ilipendeza mno. Ilipokauka ikawa ngumu kama ganda la yai, na nilipoigusa tu kwa kidole ikapasuka, punje nyeupe zikajaa kwenye mstari wa nywele. Kwenye nywele nyeusi punje hizo zinaonekana kama mba. Kisa chake ni kwamba baadhi ya jeli hazipatani na krimu au kondishena iliyotangulia: zikikutana zinagandana na kutoa vipande. Kuna jaribio rahisi la kufanya kabla ya kupaka kichwani. Weka tone la kondishena na tone la jeli kwenye kiganja, zisugue pamoja. Zikichanganyika zikawa laini, zitapatana na kichwani. Zikikatikakatika kama maziwa yaliyoganda, usizitumie pamoja.

Punje zingeoshwa zikaisha. Tatizo kubwa la jeli lipo kwenye namna tunavyoitumia. Ili nywele za panja na za mbele zilale bapa, mtu huvuta, hupiga brashi, huvuta tena, halafu hubana nyuma. Hizo ndizo nywele nyembamba kuliko zote kichwani mwa mtoto. Zikivutwa mara kwa mara hupotea, na dalili huanza na vitu vidogo ambavyo mzazi huvipita: vipele kwenye mashina, wekundu, ngozi inayouma ukiigusa, nywele zilizokatika panjani. Ukiacha kuzivuta mapema, huota tena. Mvuto ukiendelea kwa miaka, mashina yanaweza kufa na pasiote kitu. Nimewaona mabinti wadogo wenye panja tupu, na inaniuma kila ninapoona, kwa sababu walipendezeshwa na watu wanaowapenda.

Na kwenye picha yenyewe jeli haina faida hiyo inayodhaniwa. Mwanga wa flashi unaruka kwenye kitu chochote kinachong'aa, na jeli nzito hutoa mstari mweupe juu ya paji. Mafuta mengi hufanya hivyo pia, halafu joto likipanda yanashukia usoni. Hili niliona kwenye picha ya majaribio niliyopiga kwa simu jioni ile, flashi ikiwa imewashwa. Nawashauri wote mfanye hivyo. Simu inaonyesha njia ya nywele iliyopinda, kibanio kinachometameta, nywele zinazotupa kivuli machoni. Inaonyesha na jambo jingine: mtoto amezoea kujiona kwenye kioo, ambako njia ya kushoto inaonekana kushoto kwake. Kwenye picha inahamia upande wa pili, na wapo wanaojiona wageni. Binti yangu alipoona picha ya majaribio akaomba njia ihamishiwe upande mwingine. Ilikuwa bado jioni, tukahamisha.

Badala ya jeli nilifanya hivi. Baada ya kuosha na kuchana, nilisuka misuko michache ya mbele kuelekea utosini, imelegea, na nyuma nikazisokota mbilimbili. Nikiwa kwenye msuko wa pembeni akaniambia, "Mama, hapa panavuta."

"Panavuta au panauma, mwanangu?"

"Panauma."

Nikaufumua ule mmoja, nikausuka upya nikiwa nimeacha nywele fupi za ukingoni nje. Kwenye picha hizo nywele fupi zinaonekana, zimejikunja kidogo juu ya paji, na ndizo ninazozipenda zaidi.

Misokoto hiyo lazima ikauke kabisa kabla ya kufumuliwa. Maji yanapoingia kwenye unywele hufungua baadhi ya viungo dhaifu vya ndani, na unapokauka viungo hivyo hujifunga upya katika umbo ulioushikia. Ukifumua ungali na unyevu, umbo halijashika. Nywele zinasimama, zinajikunja ovyo na kufupika kabla mtoto hajafika kwenye foleni. Kwa nywele nzito usiku mmoja unaweza usitoshe, hivyo ni bora kuosha mchana wa siku iliyotangulia. Asubuhi nagusa msokoto mmoja wa kisogoni, sehemu ya katikati, ambako unyevu hujificha. Ukiwa wa baridi, bado haujakauka. Nikikuta hivyo naacha misokoto yote ilivyo, anapiga picha nayo, na inapendeza.

Hapo ndipo kofia ya satini inapofanya kazi. Foronya ya pamba hunyonya unyevu na kusugua nywele usiku kucha, satini inateleza. Watu wengi hudhani satini ni hariri. Satini ni namna ya kufuma, na nyingi zinazouzwa ni za poliesta, jambo ambalo kwa kulalia halina shida. Shida ya kofia hii ni lastiki: asubuhi ilikuwa imeacha alama paji zima. Alama ilififia baada ya kuoga na kifungua kinywa, lakini mtoto anayeamka na kuondoka papo hapo angefika nayo kwenye picha. Nimetoa lastiki hiyo nikaweka utepe wa kufunga, na sasa haina tatizo.

Kwa mdogo wake kazi ilikuwa ndogo. Alipelekwa kwa kinyozi siku chache kabla, si asubuhi ya picha. Ngozi iliyopitiwa na mashine hubaki na wekundu au vipele, hasa kwenye ukingo wa paji na shingoni, na vinahitaji muda kupoa. Asubuhi nilimpitishia brashi laini tu na kumfuta uso. Mpwa wangu alihitaji njia moja iliyonyooka na bendi iliyozungushiwa kitambaa. Zile za mpira mtupu hukata nywele. Kama mtoto tayari amefungwa bendi hizo, zikate kwa mkasi mdogo au zipake mafuta ziteleze, usizivute.

Asubuhi yenyewe nilibadilisha mpangilio mmoja ulionisaidia sana: nguo kwanza, nywele baadaye. Shati limefungwa vifungo, sweta limeshavaliwa, ndipo misokoto inafumuliwa kwa vidole vyenye mafuta kidogo sana. Sweta linalopitishwa kichwani baada ya kutengeneza nywele hufuta kazi yote. Binti yangu nilimwachia agizo moja tu la kukumbuka: kabla ya kukaa kwenye kiti, apitishe viganja viwili kuanzia paji kwenda nyuma, mara moja. Maagizo mengi humtia mtoto wasiwasi, na wasiwasi nao hupigwa picha.

Kama unaweza kununua kimoja tu kati ya hivi, nunua brashi, uchague yenye mpini mnene usioteleza. Kofia inaweza kusubiri. Kitambaa chochote cha satini kinatosha. Na ukitaka nywele za mbele zilale kidogo bila jeli, paka maji na kondishena kidogo sana, funga kitambaa hicho juu yake bila kukaza, mwache mtoto anywe chai, kisha ukifungue wakati wa kutoka.