Ramani ya ukutani niliyoishia kuitandika sakafuni

Mwezi wa pili nilitoa 25,000 ya mfukoni (muuzaji alianzia 28,000) nikanunua ramani ya Tanzania ya ukutani, kwenye duka moja la vifaa vya shule pale Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nafundisha Jiografia na Mazingira darasa la nne, watoto 87. Ramani tuliyokuwa nayo ni ya mfuko wa salfeti, niliyoichora kwa mkono wangu, na Ziwa Victoria langu lilifanana na chapati.

Hii mpya imefunikwa nailoni ngumu. Uzuri wake wote uko hapo, na ubaya pia: ikipigwa na mwanga wa dirishani, madawati ya nyuma wanaona weupe mtupu. Kile kijiti cha chini kiling'oka wiki ya pili, nikakipigilia misumari.

Sasa, nailoni. Siku moja niliuliza kaskazini iko wapi. Darasa zima likanyoosha vidole juu, darini! Hawana kosa, ndivyo ramani inavyoning'inia. Tukatoa madawati nje, tukaitandika sakafuni, nikaizungusha mpaka mshale wa kaskazini ukautazama mlima Loleza, ambao tunauona dirishani kila asubuhi ukungu ukiondoka. Rungwe ikaangukia kusini mashariki, na Ziwa Nyasa nyuma yake. Wakavua viatu, wakaingia kwa zamu. Mmoja ambaye bibi yake yuko Kyela alisimama pale pale akageuza shingo: "Madam, kumbe kwa bibi ni huku huku kweli, gari huwa linaendea huku." Miguu ya watoto imepita juu yake muhula mzima na haijachanika. Salfeti yangu ingevumilia, lakini wino ungeishia kwenye soksi.

Kipimio chake ni 1:2,000,000, yaani sentimita moja ni kilomita 20, hesabu ambayo darasa la nne wanaiweza. Kwa rula, Mbeya hadi Dar es Salaam walipata sentimita 34, sawa na kilomita 680. Wakabisha, maana wanaosafiri wanajua ni zaidi ya 800. Tukachukua uzi, tukaulaza juu ya barabara: Makambako, Mafinga, Iringa, Kitonga, Mikumi, Morogoro. Ukakaribia 40, yaani kilomita 800. Zilizobaki ni kona za Kitonga, nikawaambia, ramani ndogo hivi haiwezi kuzichora zote.

Kinachoniudhi ni Songwe. Mkoa ulimegwa kutoka Mbeya 2016, lakini ramani hii bado inaiweka Vwawa na Tunduma mkoani kwetu. Njombe na Katavi, ya 2012, imo, kwa hiyo ilichorwa kati ya miaka hiyo na ikaendelea kuuzwa tu. Aliyeligundua si mimi, ni mtoto ambaye baba yake anafanya biashara Tunduma, na nilijisikia vibaya, maana dukani niliangalia rangi za maziwa nikaridhika. Niliporudi nayo, muuzaji akanijibu, "Mwalimu, nchi si iko pale pale?" Hakubadilisha, hakurudisha hata mia.

Basi tukachora mpaka wenyewe kwa kalamu ya wino mzito: Mbozi, Momba, Ileje na wilaya ya Songwe upande ule, Chunya ikabaki kwetu. Mstari umepinda kidogo karibu na Ziwa Rukwa kwa sababu aliyeshika kalamu alisukumwa.

Kwa bei ile ningeinunua tena, kwa ajili ya sakafu. Kama shule yako ina ukuta tu na madawati yasiyohamishika, baki na salfeti. Ukienda kununua, usikubali ikiwa imeviringishwa; ifunguliwe yote mezani, uanze na kona ya Tunduma.