Perege wa Mtera: kibanda kinachokataa samaki wa kokoro

Nilitoka Dodoma asubuhi kwa barabara ya Iringa, na saa saba mchana nikaketi kwenye kibanda cha mama lishe kilicho karibu na tuta la bwawa la Mtera. Perege wa kukaanga kwa ugali na kachumbari alinigharimu Sh 8,000. Alikuwa amevuliwa alfajiri ile, mapezi yamekauka vizuri, na nyama haikuwa na harufu ya tope.

Nilipoulizia vidagaa vya perege, wale wanaouzwa kwa mafungu barabarani, mama alinijibu kwamba hanunui samaki wa kokoro, yaani wavu wa kukokota. Msimamo huo una uzito, kwa sababu perege dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, jike huyaokota mayai na kuyaatamia mdomoni hadi vifaranga waweze kujitegemea, na kokoro linaloburutwa chini hadi ufukweni husomba viota, wazazi na watoto kwa mkupuo mmoja. Kambale yeye hupanda mito mvua zinapoanza ili akatage kwenye nyasi zilizofurika, na nyavu zikitegwa midomoni mwa mito humnasa akiwa bado na mayai. Wiki hizo mama hupika kuku, ingawa madereva, kwa maneno yake, humnunia.

Dosari niliyoiona iko jikoni. Kuni zilikuwa za migunga iliyokatwa ukingoni, ilhali Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Mizizi ya miti hiyo ndiyo inayoshika udongo. Ikifa, mvua huuteremsha udongo bwawani na kuufukia mchanga ule ule anaotagia perege. Mto Ruaha Mkuu, unaoingia kwenye bwawa hili, hauhitaji mzigo mwingine, kwani tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, hasa kwa sababu ya maji yanayochotwa huko juu kwenye bonde la Usangu kwa kilimo cha umwagiliaji, na samaki hubaki wamebanana kwenye madimbwi machache. Nilimweleza mama kuhusu kuni, akasikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza bei ya mtungi wa gesi. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Ninampa nyota nne kati ya tano. Anayetaka perege afike kabla ya saa nane, maana baada ya hapo hubaki mchuzi tu.